Makaa Yaliyokwisha Moshi

Kama nyumbani kwenu kuna mwanamke aliyejifungua juzi, na nje kunanyesha, na mmemfungia chumbani na seredani ya makaa ili baridi isimwingie, basi acha kusoma. Nenda kalitoe hilo jiko nje, kisha fungua mlango na madirisha. Ukimaliza rudi, mimi nipo, sina pa kwenda.

Jina langu Maimuna. Kabla ya kuugua nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, mtu wa maneno mengi na kumbukumbu kali. Wenzangu waliona rahisi kuniuliza mimi nambari ya kontena kuliko kufungua kompyuta. Siku hizi naandika polepole na mkono wa kulia bado una ukaidi wake. Sitaeleza gesi ile ya makaa hufanya nini ndani ya damu, waulizeni wenye kazi yao. Nitaeleza ilivyoingia kwetu bila kupiga hodi na hofu iliyotuachia.

Latifa nilimzaa mwishoni mwa masika. Mimi na mume wangu Bakari tunakaa Tononoka, lakini mtoto wa kwanza kwetu hulelewa kwa mama yako: unarudi nyumbani, unakaa arobaini, unakandwa kwa maji moto, unafungwa tumbo kwa leso, unanyweshwa uji wa pilipili manga mpaka pua inatoa maji. Mama yangu ni mjane, yuko Mji wa Kale peke yake katika nyumba aliyoachiwa na mama yake. Alinipa chumba cha chini, chenye dirisha moja la kichochoroni.

Watu wa bara wakisikia kuna baridi Mombasa hucheka. Waje wakae nyumba ya mawe kipupwe kikianza, kuta zimelowa, shuka zina unyevu, na mwili wako ndio kwanza umemwaga damu. Ni baridi. Na kwetu baridi ya mzazi si jambo la mzaha. Mwanamke akilalamika magoti uzeeni huulizwa ni arobaini ya mtoto gani aliyojiachia.

Kwa hivyo Mama alinifanyia alivyofanyiwa yeye. Kila siku nikishakandwa, seredani iliwashwa uani, ikapepewa mpaka makaa yakawa mekundu matupu, ndipo ikaingizwa ndani na kuwekwa karibu na kitanda changu, udi juu yake. Mama alikuwa mwangalifu sana na moshi, akiogopa usimwingie mtoto kifuani. Nalisema hili kwa sababu waliosikia yaliyotupata walidhani tulikaa ndani ya moshi kama watu wanaokausha samaki. Hapakuwa na moshi hata kidogo. Ulipokwisha, tulidhani na ubaya umekwisha.

Jambo jingine ni dirisha. Zamani lilikuwa la mbao, limepinda kwa uzee, upepo ukipita utakavyo. Mimi na Bakari ndio tuliomwekea Mama la kioo, zawadi yetu, ili mvua isimlowanishe, nalo lilifunga barabara. Bi Mwanasha, mkandaji wangu, aliyeshakanda nusu ya wanawake wa mtaa ule, alilisifu sana. Akachukua leso kuukuu akaisokomeza chini ya mlango, akasema sasa hapa hata upepo wa uwongo haupiti.

Kichwa kilianza kuniuma wiki ya pili. Si maumivu makali, ni uzito, kama mtu amenifunga kilemba akasahau kukilegeza. Nikasikia na kichefuchefu. Nilipomwambia Mama, alinishika paji la uso akatikisa kichwa.

"Ni baridi hiyo," akasema. "Imekuingia kitwani. Usiwate mwili wazi."

Akatia makaa mengine. Nikawa mbaya zaidi, nikalalamika zaidi, naye akatia zaidi. Asubuhi, mlango ukiwa wazi na mimi nimepelekwa uani kukandwa, nilikuwa mzima kabisa, nacheka na Bi Mwanasha. Adhuhuri ikipita, jiko limeshaingia, uzito unarudi. Mama naye kichwa kilikuwa kikimuuma, ila alidhani ni uchovu wa kulea. Hatukuwahi kukaa chini tukajiuliza kwa nini wote wawili tunaumwa mahali pamoja na kupona mahali pamoja. Kama kuna kitu kimoja utakachobeba kutoka hapa, beba hicho.

Na Latifa alilala. Majirani waliokuja kumwona walimsifu: mtoto mpole, mtoto asiyesumbua, huyu ameletwa na baraka zake. Nami nikajivuna. Leo najua haukuwa upole.

Siku yenyewe siikumbuki, nasimulia nilivyosimuliwa. Ilikuwa baada ya alasiri, mvua kubwa. Bi Mwanasha alikuwa amekwenda zake. Mama alijinyoosha kwenye mkeka pembeni mwa kitanda changu apumzishe mgongo. Bakari alitoka kazini Mwembe Tayari, ambako hukatia watu tikiti za mabasi ya bara, akapitia dukani kununua nepi, akaja kutuona kama kawaida. Kwa kawaida mume hakai chumbani kwa mzazi. Husubiri ukumbini, akaletewa mtoto amwangalie, akanywa chai, akaenda. Siku ile alibisha, akaita, hakujibiwa. Alisita pale ukumbini, aliniambia baadaye, kwa kuona haya kuingia chumba alimolala mkwewe. Kisha akaingia.

Mama alikuwa amejiinua kwa kiwiko, ametapika, anamtazama bila kumwona. Mimi aliniita, akanitikisa, akanipiga kofi. Latifa alikuwa amelegea, midomo yake haina rangi ya mtu. Bakari alimnyanyua akakimbia naye nje, hadi barazani, hadi kwenye mvua yenyewe, kichwa wazi, mtoto ambaye hata arobaini hajatoka. Wanawake wa nyumba za mbele walitoka wakimlaumu, wakidhani amepandwa na wazimu. Mmoja alivua leso yake amfunike mtoto, Bakari akamsukuma mkono. Alikuwa akitaka mtoto apigwe na upepo, bila yeye mwenyewe kujua ni kwa nini. Mvua ikamwingia Latifa puani, akakohoa. Kikohozi hicho Bakari hukiigiza mpaka leo.

Vijana wa mtaa walitutoa mimi na Mama, tukapakiwa kwenye tuk-tuk mbili.

Hospitalini, daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana kutoka bara. Alimsikiliza Bakari, akatutazama mama, binti na mjukuu tumelazwa mstari mmoja, akauliza kama nyumbani tunaota moto. Bakari akamwambia hapana, hapa ni Mombasa, nani aote moto? Halafu akasema: "Subiri. Kuna seredani."

Nilipozinduka nilikuwa na barakoa ya plastiki usoni na mpira unaopuliza hewa. Kitu cha kwanza nilichotambua si mtu wala mahali, ni maziwa. Matiti yalikuwa yamejaa mpaka yamekuwa mawe, gauni limelowa, na hapakuwa na mtoto. Nilijaribu kuuliza, ulimi ukawa mzito. Muuguzi akaniambia yuko wodi ya watoto, anapewa hewa. Sikumwamini. Niliona wananificha, kwa sababu hivyo ndivyo watu hufichwa. Niliogopa vile ambavyo sikuwahi kuogopa maishani, nimelala tu, siwezi hata kulia vizuri kwa sababu ya ile barakoa.

Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyelazwa kwa ugonjwa wa figo, aliona gauni langu. Alishuka polepole, akachukua leso yake kavu akanitandazia kifuani, kisha akamwomba muuguzi kikombe nikamuliwe maziwa yapelekwe kwa mtoto. Waliporudi kuja kuchukua kikombe cha pili ndipo nilipoamini kwamba kuna mtu huko anayekunywa. Jina la mwanamke yule sikulipata. Mungu amlipe.

Tulipotolewa, mimi nilitembea mwenyewe, Mama alikuwa mzima, na Latifa alikuwa akinyonya. Nilidhani yamekwisha. Daktari alituita kando, mimi na Bakari, akasema kwa upole neno ambalo ndilo lililotutawala mwaka mzima.

"Mtoto sasa hivi siwezi kuwaambia zaidi ya haya," alisema. "Ubongo wake ulikosa hewa, kwa muda gani hatujui. Tutamwangalia anavyokua. Mtakuwa mnamleta."

Basi tukawa watu wa kungoja. Wengine huwaangalia watoto wao wakafurahi. Sisi tulimwangalia wetu tukimtafuta kasoro. Je, anafuata taa kwa macho? Mkono huu mbona ameukunja? Bakari alipiga kijiko kwenye sufuria nyuma ya kichwa chake kuona kama atashtuka, akashtuka, akalia, nasi tukalia.

Nyumba nayo ilipasuka. Jamaa walisema ni husuda, mtoto alisifiwa mno bila kutajwa jina la Mungu. Wengine wakasema jini. Mama nilimwona akitikisa kichwa kukubali kila mtu aliyeleta sababu nyingine isiyokuwa makaa. Bakari ni mtu wa Kwale, mpole, na kwa Mama alikuwa na adabu mpaka ya kuudhi. Siku ya kutolewa alisimama mbele yake mlangoni pa hospitali akasema, "Mama, unisamehe. Mke wangu na mwanangu hawarudi chumba kile."

"Basi watwae," Mama akajibu, akapanda tuk-tuk peke yake.

Arobaini nikaimalizia Tononoka, bila mkandaji wala moto. Usiku wa baridi Bakari alinijazia maji moto kwenye chupa, akaifunga kwa taulo akaniwekea miguuni. Magoti yangu bado yapo.

Kisha, kipupwe kikiwa katikati, wakati watu walishaacha kuniulizia hali, ugonjwa ulinirudia. Hili sikujua kwamba linawezekana, na ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilianza kwa kutia chumvi kwenye chai. Nikacheka. Siku nyingine nilisimama katikati ya ngazi za fleti, sijui kama nilikuwa napanda au nashuka. Mikono ikaanza kutetemeka. Miguu ikawa inajikokota kwa hatua fupi, kama ya bibi kizee. Mara moja, nikitoka dukani, nilijikojolea njiani, mimi, mchana kweupe, na sikujua mpaka nilipohisi viatu vimelowa. Naandika hili kwa makusudi. Likikupata usijifungie na aibu yako, nenda hospitali.

Nilikwenda na Bakari, siku ya Latifa kupimwa. Tulikaa kwenye benchi refu la kliniki, mbele yetu televisheni isiyo na sauti. Karani akaniita dirishani, akaniuliza jina la mtoto niliyempakata. Nikafungua mdomo, na jina halikuwepo. Nilimtazama usoni, nilijua ni wangu, nilijua harufu yake, lakini jina lake lilikuwa limeondoka. Nyuma yangu foleni ikaanza kunung'unika. Bakari alikuwa amekwenda kununua maji. Nikasimama pale nikisema "huyu, huyu," mpaka karani akainua macho na kuacha kuandika.

Daktari alisema hutokea kwa baadhi ya waliovuta gesi ile, wiki kadhaa baadaye, kwamba mara nyingi hupungua, lakini polepole. Akanipa mazoezi: kukunja nepi, kufunga vifungo, kutunga shanga. Akasema nisiachwe peke yangu na mtoto. Maneno hayo yaliniuma kuliko sindano zote.

Bakari hangeweza kuacha kazi. Jioni ile alivaa kanzu, akaenda Mji wa Kale, kwa mkwewe yule yule ambaye yeye alimnyang'anya mjukuu. Waliyozungumza sikuambiwa. Kesho yake asubuhi Mama alikuwa mlangoni kwangu na kikapu, amevaa buibui la kutokea, na kuanzia siku hiyo alikuja kila siku mpaka vuli ikapita.

Alipika, alifua, alinisuka nywele, alinishika mkono chooni. Alimwogesha Latifa na kumvika. Jambo moja hakulifanya: hakumwacha alale mikononi mwake. Mtoto akianza tu kusinzia, Mama alinyanyuka akaja kumweka kando yangu, upesi, kama amebeba kitu cha moto. Nilidhani bado ana kinyongo na Bakari, na kwamba kinyongo chake amekishushia mtoto. Nami kwa kuumwa kwangu nilikuwa na ulimi mchafu, nilimsema.

Vuli ilipoingia mikono yangu ilitulia, shanga zikawa zinaingia kwenye uzi. Miguu ikarefusha hatua. Lakini mpaka vuli inaisha Latifa alikuwa hajakaa. Mtoto wa jirani wa ghorofa ya chini, aliyezaliwa nyuma yake, aliketi katikati ya mkeka kama mwenye nyumba, na wangu nikimketisha anaanguka ubavu. Daktari alisema tusubiri, watoto hawafanani. Niliacha kwenda ghorofa ya chini. Nilikuwa nikimwonea wivu mtoto wa miezi kadhaa, na sioni haya kusema.

Aliketi wakati wa kaskazi, joto limeshika, bila kumwambia mtu. Nilitoka jikoni nikamkuta ameketi anatafuna ncha ya leso yangu. Nilikaa sakafuni mbele yake, sikuthubutu kumgusa asije akaanguka. Baada ya hapo akatambaa, akasimama kwa kushika kitanda, akaanza kumwita baba yake kwa sauti ya kuamrisha.

Masika yaliporudi tukaitwa kliniki. Daktari yule yule akampa vijiti, akamwita kutoka kila upande, akamtazama akivuka chumba ameshika ukuta, akamwacha amvute miwani.

"Sijaona kitu cha kunitia wasiwasi," akasema mwishowe.

Nilimuuliza mara tatu kwa maneno tofauti, akanijibu mara tatu vile vile. Bakari alitoka nje kwanza. Nilimkuta ameegemea ukuta wa hospitali, amejifunika uso kwa kofia yake.

Tulipitia moja kwa moja Mji wa Kale. Mvua ilikuwa imeanza. Mama alikuwa ukumbini, mlango wazi, akatazama nyuso zetu kabla ya salamu. Nikamwambia daktari alivyosema, neno kwa neno. Akasema alhamdulillahi, akakaa. Bakari akatuacha, akaenda msikitini.

Nikampakatisha Latifa kwa Mama. Alikuwa amechoka kwa kupimwa kutwa, akajilaza kifuani pake. Nilimwona Mama anataka kunyanyuka, nikamshika bega asinyanyuke.

"Kila ukinena kitwa chakuuma," akasema, hakunitazama, "ni mimi nalitia makaa."

"Ulikuwa ukiniogopea baridi, Mama."

"Nalikuwa nikiona mtoto yuwalala, nikishukuru."

Nilikaa karibu naye mpaka mabega yetu yakagusana. Latifa alishika ukosi wa gauni la bibi yake, akautafuna kidogo, macho yakafumba. Kifua chake kilipanda na kushuka. Mlango ulikuwa wazi, dirisha lilikuwa wazi, hapakuwa na jiko nyumba nzima, mvua inarusha matone mpaka miguuni petu. Tulimtazama mtoto aliyepimwa na daktari na kuonekana mzima, sote wawili tukihesabu pumzi zake. Akazidi kulala. Mkono wake ukauachia ukosi.

Mama akanitazama. "Muamshe," akasema.

Tukamwamsha.